Jana Ulikula Nini?

Mjamzito wa Dar es Salaam aliyekwenda kliniki katikati ya miaka ya 1990, awe wa Temeke au wa Kinondoni, alijua kinachomsubiri: mizani, presha, kutolewa damu, kisha kuandikiwa tarehe ya kurudi. Baadhi yao waliongezewa maswali ya jikoni. Mchicha unakula mara ngapi kwa wiki? Dagaa je? Chai yako ni ya maziwa au ya rangi? Ugali ni wa sembe au wa dona? Shoga humuuliza shoga maswali hayo wakiwa wamekaa barazani wanachambua mboga. Tofauti ni kwamba safari hii majibu yaliandikwa, yakahesabiwa, na miaka kadhaa baadaye yakasaidia kuzaa kitu ambacho wapishi wengi wa mji huu hawajapata kukisikia.

Waliokuwa wakiuliza walitoka Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard. Kati ya Aprili 1995 na Julai 1997 waliandikisha wajawazito 1,078 wenye virusi vya Ukimwi. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa habari za nchi za watu, na ndugu wa mgonjwa hawakuwa na cha kumpa zaidi ya uji na sala. Wafaie Fawzi na wenzake walitaka kujua kama vidonge vya vitamini, ambavyo ni rahisi kuvipata, vingewafaa mama na mtoto. Mwaka 1998 walichapisha majibu katika jarida la The Lancet: mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza mimba zinazoharibika na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, vitamini A peke yake haikufanya hivyo. Utafiti mwingine ukafuata mwaka 2001 hadi 2004, safari hii kwa wajawazito 8,468 wasio na virusi, na matokeo yake yakatoka mwaka 2007.

Ndani ya kazi hiyo ya vidonge kulikuwa na fumbo la sufuria. Mama akikwambia kwamba jana alikula wali na mchicha wa nazi, utajuaje amepata chuma kiasi gani, mafuta kiasi gani, vitamini A kiasi gani? Hakuna kopo wala kiroba cha mchicha wa nazi chenye maelezo ubavuni. Lazima sufuria lifunguliwe.

Kulifungua kunafanyika hivi. Mchicha unapimwa baada ya kuchambuliwa, maana mizizi na mashina magumu hayaliwi. Kitunguu kinapimwa bila maganda, nyanya bila sehemu iliyooza, mafuta kwa kijiko ambacho nacho kimepimwa. Nazi ndiyo inayosumbua. Ikishakunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa, tui la kwanza ni zito na la pili ni jepesi, chicha linatupwa au kupewa kuku, na kila mpishi ana mkono wake wa kuongeza maji. Kisha sufuria zima linawekwa kwenye mizani kabla ya moto na baada ya moto, kwa sababu maji hupungua. Mwisho inatafutwa hesabu ya kilichopotea: vitamini C haivumilii moto mrefu, chuma hakina wasiwasi na moto. Chakula ambacho bibi angekieleza kwa kusema "weka nazi ya kutosha" kinageuka orodha ya mistari: jina la chakula, jina la hitaji, gramu.

Orodha ya namna hiyo ina tabia moja ambayo waliokuwa wakihesabu chuma hawakuwa na haja nayo sana. Unaweza kuipindua. Ulianza na mchicha wa nazi ukauliza una nini ndani. Sasa unaanza na nazi ukauliza imo katika masufuria gani. Na hilo la pili ndilo swali la kila siku la mpishi wa Mbagala au Manzese saa kumi jioni: nina nyanya chungu, nina dagaa kidogo, nimebakiwa na nusu nazi, nipike nini? Vitabu vya mapishi havikupangwa kumjibu. Vinapangwa kwa majina ya vyakula, pilau huku na biriani kule, kana kwamba mtu anaamka asubuhi akiwa ameshaamua pilau na pesa anayo.

Ndoto ya mashine inayojibu swali hilo ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1969 duka la kifahari la Neiman Marcus la Marekani lilitangaza kompyuta ya jikoni iliyotengenezwa na kampuni ya Honeywell, bei dola 10,600, pamoja na mafunzo ya majuma mawili ya kuitumia. Ilikuwa kubwa kama meza. Mpishi alitakiwa kubonyeza swichi na kusoma taa zinazowaka na kuzima, kisha atafsiri mwenyewe taa hizo kuwa karoti. Haijulikani kama kuna mteja hata mmoja aliyeinunua, nami simshangai aliyeipita.

Huku kwetu orodha ilianza kwa njia nyingine, kwenye maabara, na ilianza na muhogo. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto na vijana wa Tanganyika wakiwa Abisinia kwenye vikosi vya King's African Rifles (KAR), Mkemia wa Serikali W. D. Raymond alichapisha makala pamoja na W. Jojo na Z. Nicodemus katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Ilikuwa sehemu ya pili ya mfululizo wao kuhusu lishe ya vyakula vya Tanganyika, na yote ilihusu muhogo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake. Posho ya manamba wa mkonge, ya wafungwa na ya wagonjwa hospitalini ilitolewa kwa uzito, na anayetoa posho kwa uzito hupenda kujua kiwango cha chini kabisa ambacho mtu anaweza kula na bado akafanya kazi. Majedwali mengi ya chakula duniani yana asili ya namna hiyo, na si vizuri kuificha.

Baada ya Uhuru majedwali yaliyotumika hapa yalikuwa ya watu wote. Lile lililotolewa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1968, chini ya Woot-Tsuen Wu Leung, lilikuwa la Afrika nzima. Mtaalamu wa Dar es Salaam akitafuta thamani ya kisamvu aliweza kukuta namba iliyopimwa pembe nyingine kabisa ya bara. Mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria namba 24 iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na angalau pakawepo mahali pa kuuliza.

Taasisi hiyo ilizaliwa njaa ikiwa mlangoni. Ukame wa 1973 na 1974 uliangusha mavuno, nchi ikaagiza nafaka kwa meli, na Dar es Salaam ikaanza kula ugali wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Mji ambao hauwezi kupitisha siku bila kutaja mpira ukauita unga huo "Yanga". Walioshabikia Simba nao waliula, pengine kwa uchungu zaidi. Lililotangazwa mashambani lilikuwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Lililotangazwa redioni mwaka 1975 lilikuwa Chakula ni Uhai.

Kampeni hiyo ilifuata nyayo za Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili. Mpango ulikuwa uleule: vikundi vya kusoma, kiongozi wa kikundi mwenye kijitabu, na kipindi cha Radio Tanzania kinachosikilizwa pamoja kisha kujadiliwa. Inakadiriwa watu milioni moja na nusu walishiriki Chakula ni Uhai. Wengi wetu tuliosoma sayansikimu shuleni tuliurithi mpangilio wa aina hiyo: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Ukimwamsha mtu wa rika langu usiku wa manane atakutajia makundi hayo matatu kabla hajataja jina lake.

Nayaheshimu makundi hayo, lakini ni ya ubaoni. Yanamwambia mama kwamba kwenye sahani yake panakosekana cha kujenga mwili. Hayamwambii kwamba dagaa waliobaki kwenye kopo wanaelewana na nyanya chungu aliyonunua gengeni, na kwamba karanga za kusaga zinaweza kukaa mahali pa nazi nazi ikipanda bei. Maarifa hayo yalikuwepo tele, vichwani mwa watu, na miaka iliyofuata iliyanoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za maduka ya kaya na foleni za sukari, na kabla na baada ya vita ya uhujumu uchumi ya 1983, hakuna aliyekwenda dukani na orodha. Ulikwenda ukaona kilichopo, ukarudi nacho, ndipo ukajua mnakula nini. Ndiyo miaka ambayo mama ntilie waliongezeka mjini, mishahara ikiwa haitoshi hata wiki mbili, na mama ntilie ni mtu anayepika kwa kuangalia sokoni kuna nini asubuhi hiyo. Tandika, Tandale, Buguruni na baadaye Mabibo ndiko walikopata jibu la swali la nipike nini, kwa fungu na kwa sado, lile kopo la rangi lililogeuzwa kipimo cha taifa.

Mwaka 1988 lilitoka jedwali la vyakula vinavyoliwa sana Afrika Mashariki, lililohaririwa na Clive West na Frans Pepping pamoja na C. R. Temalilwa, na kuchapishwa Wageningen, Uholanzi. Ilikuwa hatua. Lakini lile lililotokana na fumbo la sufuria la Muhimbili likaja miaka ishirini baadaye. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard walichapisha Dar es Salaam majedwali ya vyakula vya Tanzania, mwandishi wa kwanza akiwa Zohra Lukmanji, na miongoni mwa wenzake wakiwemo Nicolas Mlingi, Vincent Assey, Godwin Ndossi na Fawzi mwenyewe. Kuna vyakula zaidi ya 400, na ndani yake vimo vyakula vya kupikwa kwa mchanganyiko, pamoja na nafaka na nyama mbichi. Ni mkusanyiko wa kidijitali, unapatikana bure kama faili la PDF, na mantiki yake ni ya hitaji kwa hitaji. Umeandikwa Kiingereza. Unatumiwa na watafiti, wanafunzi wa lishe na mashirika. Sijakutana na mpishi aliyeufungua ili apate cha kupika, na simlaumu: hauna moto wala chumvi, una namba.

Jina la Mlingi linaturudisha kwenye muhogo wa Raymond. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kusini mwa Tanzania, watu walidhurika kwa muhogo mchungu, na Mlingi alikuwa miongoni mwa waliochunguza. Muhogo huo una sumu ya sianidi ambayo mababu walijua kuitoa kwa kumenya, kuloweka, kuanika na kutwanga. Njaa ilipobana watu walifupisha hatua, muhogo ukaliwa kabla haujakaa juani siku zake. Hitaji lilikuwa lilelile, pishi lilelile. Kilichokosekana ni siku chache.

Kuna kitabu kimoja kilichokaribia kumfaa mpishi zaidi ya majedwali yote. Mwaka 2002 C. K. Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs walitoa kitabu kuhusu mimea pori inayoliwa Tanzania. Kila mmea una ukurasa wake, picha zake za kuchora, majina yake katika lugha mbalimbali za makabila ya nchi hii, na maelezo ya jinsi unavyoandaliwa. Ukiwa na mmea mkononi na jina lake la nyumbani kichwani, unaweza kufika kwenye sufuria. Lakini nacho ni cha Kiingereza, na ni cha porini zaidi kuliko cha gengeni.

Wakati wataalamu wa lishe wakifungua masufuria, watu wengine walikuwa wakifungua maneno. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza programu inayochambua Kiswahili neno kwa neno, na mwaka 1992 akachapisha makala kueleza jinsi inavyofanya kazi. Programu hiyo inajua kwamba "vitunguu" na "kitunguu" ni kitu kimoja, kwamba "mayai" yanatoka kwenye "yai". Msomaji atacheka: mtoto wa chekechea anajua. Kompyuta haijui, mpaka ifundishwe. Katika Kiingereza wingi mara nyingi hukaa mkiani mwa neno, kwa hiyo mashine iliyotengenezwa huko hukata mkia na kuendelea. Kwetu mabadiliko yako kichwani. Ukikata mkia wa "vitunguu" hujapata kitu.

Nimelijaribu hilo kwenye mkusanyiko mmoja wa mapishi ya Kiswahili, nikiwa nimekaa nje ya genge Mbagala. Nikaandika "kiazi, yai". Hakuna pishi. Nikaandika "viazi, mayai". Yakamwagika mapishi, zege, yaani chipsi mayai, likiwa la kwanza, kama vile mwenye genge hakuniuzia viazi hivyohivyo sekunde chache kabla. Nikaandika "maharage" nikapata machache; nikaandika "maharagwe" nikapata mengine kabisa, mengi yakiwa ya nazi. Nilipoandika "mbatata" nikahamia Zanzibar. Mama mwenye genge, aliyekuwa akichungulia, akaniuliza kama simu imeharibika. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza mimi?" Kisha akanipangia mlo wa jioni kwa kutazama tu nilichoshika, akaniongezea na bamia kwa bei ya hasara, au ndivyo alivyodai.

Hakuna sababu ya kiufundi ya simu kushindwa na mama huyo kwa kiasi kile. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, kwa hiyo watu wa kufundisha kompyuta lugha yetu walikuwepo. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, intaneti ikaongezeka kasi, simu janja zikafuata, na mapishi yakahamia kwenye video na makundi ya WhatsApp. Hapo ndipo tatizo lilipogeuka sura. Katika video nyingi za mapishi ya Kiswahili mahitaji yanatajwa kwa mdomo, mkono ukionyesha bakuli: "nina kitunguu changu hapa, nina karoti zangu." Hayajaandikwa popote. Anayetafuta kwa maandishi hapati kilichosemwa. Anapata kichwa cha video tu, na kichwa ni jina la chakula. Tumerudi kwenye kitabu cha pilau huku na biriani kule, ila sasa kinakula bando.

Kenya walipiga hatua ambayo naitazama kwa wivu wa jirani. Mwaka 2018 serikali yao na FAO walitoa majedwali ya vyakula vya Kenya, na pamoja nayo wakatoa kitabu cha mapishi yenyewe, vyakula vya mchanganyiko vinavyopikwa nchini kote, kila kimoja na mahitaji yake, namna ya kupika na virutubisho vyake. Yaani baada ya kulifungua sufuria walilifunika tena na kulirudisha jikoni.

Vipande vya kufanya hivyo kwa Kiswahili viko karibu kuliko inavyoonekana. Kampasi ya Kijitonyama ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya Kinondoni, inafundisha vijana kompyuta, na kutoka hapo hadi kwenye magenge ya Mwananyamala ni mwendo wa daladala. Orodha ya vyakula zaidi ya 400 ipo. Uchambuzi wa maneno upo tangu miaka ya 1990. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na wapishi, Tandika au Tandale, akiandika kila hitaji kwa majina yote wanayoyatumia: umoja na wingi, la bara na la pwani, la sokoni na la shuleni, na vipimo vyao vya fungu na sado vikiwa vimepimwa mara moja kwenye mizani ili gramu zijulikane. Nyanya chungu iwe na ngogwe pembeni. Viazi mviringo viwe na mbatata. Karanga zielekezwe kwenye nazi na nazi kwenye karanga.

Muhogo utahitaji mistari kadhaa, kwa kuwa mbichi, makopa, unga na kisamvu ni mahitaji tofauti ingawa mmea ni mmoja. Na kwenye mstari wa muhogo mchungu orodha isitoe pishi lolote kabla ya kueleza namna ya kuloweka, namna ya kuanika, na ni siku ngapi.